Uwanja wa Bielawa na Kura za K

Mtu aliyetaka kuinunua timu yetu alikuja jukwaani kwetu Jumapili moja ya Agosti akigawa mito ya kulalia. Sitanii. Vimito vyeupe vya kuweka shingoni, kila kimoja kimeandikwa Lullaworth, jina la kampuni ya magodoro iliyokuwa tayari kulipa ili uwanja wetu uitwe hivyo. Uwanja wa Lullaworth. Mtu unamwaga jasho unaishangilia timu yako, kumbe uko kwenye duka la vitanda.

Mnunuzi mwenyewe anaitwa Colby Ravensdale, umri miaka thelathini na minane, meno kama sahani za hoteli. Fedha ni za babu yake. Yeye mchango wake mkubwa duniani mpaka siku ile ulikuwa kuzirithi bila kuanguka. Alikuwa amevaa kofia mpya ya timu yetu na stika ya bei bado imebandikwa pale mbele, na nyuma yake walimfuata vijana watatu wenye simu wakimpiga picha kila alipoinama kumsalimia mzee.

Timu yetu ni Nyumbu wa Lackford. Nyumbu yule mtoto wa punda na farasi, maana ndio waliovuta mashua za mizigo mferejini enzi ambazo mji huu ulikuwa na kazi ya kufanya. Hatuchezi ligi kuu ya besiboli. Vijana wetu wanapita tu, wengine wakipanda, wengine wakishuka, na wanaoshuka ndio tunaowafahamu vizuri. Lakini timu ni yetu, na sisemi yetu kwa maana ya mapenzi. Mwaka 1957 matajiri wa wakati huo walitaka kuihamishia Florida. Tarishi mmoja, Stan Bielawa, akaanza kuuza hisa mlango kwa mlango, barua mkono huu, vyeti mkono huu, hisa moja dola kumi. Posta walimwonya mara mbili kwa kuchelewesha barua za watu. Hakujali, akauza mpaka timu ikabaki. Alipokufa wakaupa uwanja jina lake, herufi za chuma juu ya lango kubwa, zinaonekana mpaka daraja la reli.

Hisa zile hazijawahi kumlipa mtu hata senti. Tumezitia kwenye fremu. Ya kwangu niliachiwa na baba, na imetundikwa chooni, mahali pekee nyumbani kwangu ambapo mtu hukaa akatafakari.

"Na wewe mzee wangu unaitwa nani?" Ravensdale akaniuliza, mkono mbele.

"Augie DiNardo. Mimi si mzee wako."

Akacheka, vijana wakapiga picha. Akatazama juu, kule langoni, akasoma. "Bielawa. Nimesikia habari zake. Alikuwa anacheza nafasi gani?"

"Tarishi," nikamwambia.

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeguswa. "Kizazi kile walikuwa na moyo," akasema, akampa mto mwanamke aliyekaa kushoto kwangu, akaenda zake.

Mwanamke huyo ni Terry Bielawa, binti wa Stan. Aliupokea ule mto, akasema asante, akauweka chini ya kiti, akaendelea kuandika.

Lazima nieleze kuhusu kuandika, kwa sababu humo ndimo nilimoharibu kila kitu. Terry ana umri wa miaka sabini na minne. Alikuwa karani wa mahakama ya wilaya kwa miaka thelathini na nne, na tangu mwaka 1989 ameandika kila mchezo wa nyumbani kwenye daftari kwa penseli, kila mpira, kila mpigaji. Mchezo mmoja tu hakuhudhuria, siku alipomzika mama yake, na huo alikwenda kuuomba kwa mtu mwingine akaunakili. Kazi yangu mimi jukwaani ni kutundika K. Mrushaji wetu akimtoa mpigaji wao kwa makosa matatu, natundika kwenye reli mbele yetu kadi kubwa yenye herufi K, ndiyo alama yenyewe ya kwenye daftari tangu enzi za mababu zetu. Mpigaji akizungusha gongo akakosa, K inakaa kama kawaida. Lakini akisimama tu, gongo begani, akautazama mpira mzuri ukimpita mpaka mwamuzi akamwambia nenda kakae, hapo K hugeuzwa, ikatazama nyuma. Hakuna aibu inayoizidi hiyo katika mchezo huu. Yule wa kwanza amejaribu. Huyu wa pili alikuja na gongo akakaa nalo kama mwavuli.

Sasa mimi, mkono mmoja soseji nyeupe yenye haradali, mkono wa pili bia, mara nyingi sijaona lililotokea. Terry ndiye huona. "Amezungusha," husema, bila kuinua kichwa. Au, "Ametazama." Nami natundika. Nikikosea, anasimama. Hasemi neno. Anasimama tu, mwembamba, miwani puani, na hakai mpaka nirekebishe, hata kama watu nyuma wanapiga kelele kwamba anawaziba. Hivyo ndivyo tulivyoishi miaka thelathini na ushee, na mke wangu alipofariki ni Terry aliyeniambia Nyumbu wanacheza Jumamosi, nisichelewe.

Ravensdale alipopita, ubishi ukaanza.

"Mimi nitamuuzia," akasema Marcy Quill. Marcy ni muuguzi, anakaa safu ya mbele yetu, ana hisa tatu alizorithi kwa shangazi yake, na ana tabia mbaya ya kuongea ukweli wakati watu wanakula. "Choo cha wanawake jukwaa hili kina milango sita. Unaofunga ni mmoja. Mmoja, Augie. Tunapokezana kushikiana milango kama watoto wa shule."

"Kwa hiyo unauza timu ili upate kitasa."

"Nauza ili ibaki hapa. Paa linavuja, taa nusu hazifanyi kazi, ligi wametuandikia barua mara mbili. Tusipopata mtu wa kuleta hela, watatufuta. Halafu utatundika wapi hizo kadi zako? Kwenye kamba ya nguo?"

"Heri kwenye kamba ya nguo kuliko kwenye godoro."

Lou Pettibone akacheka mpaka karanga zikamtoka puani. Lou ni fundi wa mitambo ya kupasha nyumba joto, mtu mnene mwenye sauti ya tarumbeta, na kwa miaka yote niliyomfahamu hajawahi kuwa na wazo lake mwenyewe. Husubiri mtu aseme, kisha analisema yeye kwa sauti kubwa zaidi. "Kwenye godoro!" akapaza sauti. "Kwenye godoro, Marcy!"

"Lou, nyamaza kidogo, watu wazima wanaongea," Marcy akamwambia. "Tatizo lenu mnadhani dharau ni mpango. Mnamcheka yule kijana kwa sababu ya kofia. Sawa, kofia ni ya kipuuzi. Mpango wenu nyie ni upi? Mimi naona nauza jina la mtu aliyekwisha kufa ili timu..." Akakatiza. Akageuka. "Samahani, Terry."

"Umesema unachokiona," Terry akasema, akaandika kitu. Kisha akasema, "Kuhusu paa hujakosea. Mwezi wa sita kipande cha plasta kilianguka karibu na yule mtoto wa akina Novak. Lakini paa linatengenezwa bila kung'oa jina. Ni vitu viwili, wao wameviweka kwenye karatasi moja makusudi." Akainua macho uwanjani. "Ametazama, Augie."

Nikageuza K, nikatundika.

Karatasi za kura zilifika kwa posta mwanzoni mwa Septemba. Kila hisa karatasi moja, visanduku viwili, NDIYO na HAPANA. Kuuza au kutokuuza, na jina la uwanja limefungwa ndani ya mauzo hayo hayo. Bodi ilikuwa imetia barua ya kurasa nne kutuelezea faida, imesainiwa na mwenyekiti, daktari wa meno ambaye alikaa kwenye bodi miaka kumi na miwili kwa ajili ya kuegesha gari bure. Nilisoma ukurasa wa kwanza. Ilikuwa imeandikwa "fursa" mara tisa. Kurasa zilizobaki nikawashia jiko la kuchomea nyama.

Mchezo uliofuata kila mtu alikuja na karatasi yake. Lou alitaka kuandika matusi, na alitaka nimchagulie. Mwingine alitaka kuifutia haradali kisha aitume. Hapo ndipo nilipopata wazo langu, na naapa nilijiona mjanja kuliko watu wote wa jimbo la New York. Nikachukua kalamu nene ninayochorea kadi, nikaiweka karatasi ya kura juu ya goti, nikaandika juu yake, kutoka kona mpaka kona, K moja kubwa. Nje. Umetolewa. Nenda kakae.

Jukwaa lote lililipuka kwa kicheko. Kalamu ikapita mkono kwa mkono. Watu wa majukwaa mengine walikuja kuuliza kinachochekesha, wakaenda wakichekelea, na mimi nimekaa pale kama bwana harusi.

"Augie," Terry akasema. "Weka tiki kwenye kisanduku."

"Terry, mji mzima unajua K ni nini."

"Mji unajua. Anayehesabu hatoki mji huu. Geuza nyuma, usome. Alama nyingine yoyote, kura imeharibika."

"Wataharibu kura mia za wenye timu? Wathubutu?"

"Hawahitaji kuthubutu. Wanahitaji kusoma tu. Sheria haikai na sisi hapa jukwaa la tisa."

Nikawageukia wenzangu, maana nilikuwa na hadhira na mdomo umenichangamka. "Karani ni karani," nikasema, "hata astaafu vipi. Mzikeni na mhuri wake."

Walicheka. Lou alirudia. Terry akachomeka penseli nyuma ya sikio, akaitazama karatasi yangu kwa muda, kisha akairudisha penseli kwenye daftari kwa sababu mrushaji alikuwa anajiandaa.

Baada ya mchezo alinisubiri kwenye maegesho, jambo ambalo hakuwahi kufanya. Yeye hupanda basi, mimi nina gari, na kwa miaka yote hiyo amekataa lifti kwa sababu, anasema, naendesha kama ninavyokula. Alisimama karibu na mlango wangu, daftari kalikumbatia kifuani.

"Sijawahi kukuomba kitu," akasema.

"Omba."

"Baba hakuacha nyumba. Aliacha madeni ya viatu, alimaliza jozi nne kwa mwaka akizunguka na zile hisa. Kaburi lake lina kijiwe cha ukubwa wa mkate. Kitu alichoacha ni lile jina pale juu. Basi langu linapita chini ya daraja, kila siku niliyokwenda kazini nimelisoma. Hata sasa, kazini siendi tena, bado napanda hilo basi. Sitaki kulitetea kwa utani. Nataka lishinde. Wewe wanakusikiliza, sijui kwa nini, lakini wanakusikiliza. Waambie waweke tiki kwenye HAPANA, moja tu, ndogo, ndani ya kisanduku. Anayetaka karatasi nyingine, bodi wanatoa, nimeuliza."

"Nitawaambia," nikasema.

Na nilikusudia kuwaambia. Nataka hilo lijulikane, ingawa halinisaidii. Lakini Jumatatu redio ya mji ikanipigia, kile kipindi cha michezo cha asubuhi, wamesikia habari za K, wangependa nije studio. Nikaenda nimevaa koti. Mtangazaji akanichekea vizuri, akaniita mzalendo, akaniuliza niwaambie wenye hisa wafanye nini. Jibu la Terry lilikuwa mdomoni mwangu kabisa. Nikaliona dogo. Kuweka tiki kwenye kisanduku cha yule kijana ilikuwa kama kukubali kwamba ameuliza swali la maana na anastahili kujibiwa kwa adabu. Mimi sikutaka kumjibu. Nilitaka kumtemea. Nikasema, hewani, mji mzima ukisikiliza: "Mpeni K."

Terry alisikiliza kipindi. Alikuwa na redio jikoni, haizimwi. Mchezo uliofuata alisema "Amezungusha" mara saba na "Ametazama" mara mbili, na mbali na hayo hakuniambia lolote. Nilidhani ananuna. Nikajiambia atakuja kunishukuru.

Mkutano wa wanahisa ulifanyika Novemba kwenye ukumbi wa zimamoto, Jumamosi, na ukumbi ulikuwa bado unanuka samaki wa kukaanga waliouzwa humo Ijumaa. Watu walijaa mpaka mlangoni. Ravensdale alikaa mstari wa mbele, safari hii bila kofia, kando yake bibi mmoja kutoka kampuni ya magodoro ambaye hakuinua macho kwenye simu yake saa nzima. Wengi wetu tulikuwa tumekwisha tuma karatasi. Tulikuja kuona sura zao tu. Lou alikuwa amebeba kadi yangu moja ya K chini ya koti, tayari kuinyanyua matokeo yakisomwa.

Aliyehesabu alikuwa mhasibu wa kukodiwa, mwanamume mfupi kutoka Albany mwenye tai iliyofupishwa kupita kiasi. Nilimdharau tangu alipojaribu maikrofoni. Akasoma kama anayesoma orodha ya sokoni.

"Waliosema ndiyo, kura elfu moja mia tisa na mbili. Waliosema hapana, kura elfu moja mia saba arobaini na moja. Kura zilizoharibika, mia mbili themanini na nane." Akageuza karatasi. "Napenda kuufafanulia mkutano kwamba hizo zilizoharibika, isipokuwa tatu, zimeandikwa herufi K, na hazina alama kwenye kisanduku chochote."

Hakuna asiyeelewa. Kila mtu mle ndani alipiga hesabu, akatoa zile mia na sitini na moja walizotuzidi, akaona K zetu zilivyobaki nyingi. Mwenyekiti wa bodi, yule daktari wa meno, alikuwa anajua K ni nini kama mimi ninavyojua, ana tiketi ya msimu tangu utotoni. Alitazama meza. Kisha akatabasamu kidogo tu, na akalificha tabasamu kwa kikohozi.

Watu wakaanza kupiga kelele. Wizi, hila, nia yetu ilikuwa wazi, hata mtoto anaelewa. Lou alinyanyua kadi yangu juu, sijui alitaka kusema nini, nadhani hakuwa na jambo lingine la kufanya na mikono yake. Mhasibu akaitazama kadi ile, akatutazama sisi, na kwa upole kabisa akasema, "Maelekezo yalikuwa nyuma ya karatasi." Hakutudharau. Hilo ndilo lililoniuma. Alituonea huruma.

Marcy alikuwa karibu na dirisha. Alipiga NDIYO, hakuficha, na alishinda, na sikuwahi kuona mtu ameshinda akiwa na uso ule. Alikuja mpaka kwangu akasimama. "Mimi nilitaka kuwashinda kwa haki, Augie," akasema. "Mmenipa hii kama mkate wa msaada."

Nilimkuta Terry nje kwenye ngazi, anafunga vifungo vya koti. Vidole vyake vilikuwa vinakosa matundu. Nilitaka kumsaidia, nikaona sina uso wa kumgusa. Nikaanza kumwambia kuhusu wakili, rufaa, binamu yangu anayemjua mtu kwenye gazeti.

"Augie," akanikata. "Nilikuomba alama moja."

Hakupaza sauti. Alimaliza kifungo cha mwisho, akashuka, akaenda kusubiri basi lake, na mimi nikabaki pale na harufu ya samaki.

Machi walileta winchi langoni pa uwanja. Niliendesha mpaka pale, sijui kwa nini, theluji bado iko pembezoni mwa barabara. Vijana wawili wenye helmeti walikuwa wanafungua herufi moja moja kwa spana, wanaziteremsha kwenye gari la vyuma chakavu. Walikuwa wanasikiliza muziki. Nikamuuliza mmoja zinakwenda wapi, akasema kwa mzee mmoja wa vyuma ng'ambo ya mfereji, akaniuliza kama nataka moja ya ukumbusho, anaweza kunifanyia mpango. Nikamwambia sitaki. Ningeiweka wapi? Kando ya hisa, chooni? Basi la namba nne likapita chini ya daraja wakati huo, na sikutazama madirisha yake.

Siku ya kufungua msimu, Aprili, baridi inakata masikio. Juu ya lango kuna Lullaworth kwa herufi za bluu zenye taa, na kando yake mto wa kulalia wa ukubwa wa lori, umejazwa hewa, unatikisika upepo ukija. Milango ya choo cha wanawake yote inafunga, Marcy aliniambia, na akaniambia bila furaha. Kuna soseji mpya zenye majina ya Kifaransa. Ravensdale alirusha mpira wa ufunguzi, ukadunda mara mbili kabla ya kumfikia mdakaji, na watu walimshangilia. Watu wale wale. Nilitazama nyuso za wale walioandika K kwa kalamu yangu, kila mmoja ana kofia ya bure kichwani, na nikawadharau kwa nafsi yangu yote, mpaka nilipopapasa nikakuta ya kwangu iko mfukoni.

Kiti cha kushoto kwangu kilikuwa na kijana nisiyemjua, anakula viazi.

"Yuko kule," Lou akasema. Safari hiyo hakupaza sauti. Akanionyesha kwa kidevu ng'ambo ya uwanja, jukwaa la kumi na nane, upande wa besi ya tatu, linalotazamana na letu uso kwa uso. Koti la kijivu, miwani, daftari magotini. Alikuwa ameomba ofisi ya tiketi wambadilishie kiti. Alikuja, maana Nyumbu wanacheza, na yeye hawezi kuacha ukurasa mtupu. Hakutaka tu kukaa karibu nami.

Sikununua soseji siku ile. Sikununua bia. Nilikaa na mikono mitupu, nikatazama kila mpira, kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, kwa sababu hakukuwa na mtu wa kuniambia.

Mpigaji wao wa tatu alikuwa pandikizi la mtu. Makosa mawili tayari. Mrushaji wetu, mtoto wa miaka ishirini anayetetemeka kwa baridi, akaachia mpira wa chini, na lile jitu likazungusha kwa nguvu zake zote, likakosa, gongo likamponyoka mikononi, likaruka mpaka karibu na benchi lao. Uwanja mzima uliona. Mtu aliyelala nyumbani kwake angeona.

Nikachukua kadi ya kwanza ya msimu. Nikaigeuza, K ikatazama nyuma, nikaitundika kwenye reli.

Ng'ambo kule nikamwona Terry anasimama. Alisimama kama alivyosimama daima ninapokosea, wima, miwani imeelekea kwetu, na watu nyuma yake wakaanza kumpungia mikono akae. Sikuigusa kadi. Nilisimama nyuma ya kadi mimi pia, ili aone ni nani aliyeitundika. Alibaki wima vile muda mrefu. Kisha akakaa kitini, akainamia daftari, akaandika kitu ambacho mpaka leo sijakiona.

"Augie, umeigeuza," Lou akaninong'oneza. "Jamaa kazungusha mpaka gongo limemtoka."

"Nimeona."

"Basi irekebishe."

"Iache," nikamwambia. "Hiyo si ya kwake."